G ya Kwetu, K ya Huku

Kochkor, Kirigizistani
Oktoba 1997

Mama yangu mpenzi,

Naibusu mikono yako. Natumaini magoti yametulia na baridi ya Kayseri haijaanza kukuonea. Mimi ni mzima, tena nanenepa kwa mkate na siagi. Shangazi Münire mpe salamu zangu.

Uliniuliza ninaelewanaje na watu wa huku bila mkalimani. Mama, siku niliyofika kusoma maandishi ya kale ya Waturuki kwenye mawe, nilimwomba maji Mama Burulsun, mjane aliyenipa chumba. Nilisema su kwa Kituruki chetu, kama nyumbani, naye akaniletea maji. Tulitazamana, tukacheka kama watoto. Jicho letu ni göz, lao ni köz. Sisi tukimwita mtu aje twasema gel, wao kel. Mwanawe Kubat, daktari wa mifugo, hunitania kwamba mababu zetu walipohamia magharibi walilegea hadi ulimi, k ikawalainikia ikawa g. Nami nikamwambia heri ulimi laini kuliko kichwa kigumu. Mama yake alicheka hadi chai ikampalia.

Halafu nikaugua. Sikukuandikia, nisikutie wasiwasi. Homa ilipopanda nikawa naita ana, ana. Kila nilipoita, Mama Burulsun aliitika, maana kwao mama ni ene. Alinikanda, akaninywesha mchuzi wa kondoo. Nilipopata nafuu nilimweleza kuwa nilikuwa nakuita wewe. Akasema, najua mwanangu, lakini mama yako yuko mbali, na mtoto akiita lazima mtu aitike.

Juzi jirani alipita akauliza, kelin wenu hajambo? Hakuna aliyenifasiria. Kelin ndiye gelin wetu, bibi-arusi. Uso ulinichoma. Kubat, mtani yule, akainuka kwenda kutazama kondoo.

Ndiyo, mama. Ameniposa, nami nimemwambia nitakubali ukikubali wewe. Najua tangu Baba afariki nyumba imekuwa kubwa mno kwako, na ulikuwa ukinisubiri. Nimelia sana kwa ajili ya hilo. Ukikataa nitarudi, siwezi kuolewa juu ya machozi yako.

Theluji ikiyeyuka tutakuja. Mama Burulsun atakuomba mwenyewe, na amekataa katakata nimfasirie. Anasema mama kwa mama hawawekewi mtu katikati. Wewe zungumza naye polepole tu.

Nakukumbatia kwa mapenzi yote,
Binti yako,
Gülizar