Chekeche la Enesi

Ikinga, Ileje

Mdogo wangu Rabson,

Huku mvua zimeanza, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Julai ulipomleta yule mnunuzi wa mahindi kutoka Tunduma, nilikufukuza mbele ya watu nikakuita mlanguzi. Nisamehe. Nilijua serikali itanunua mahindi kama kila mwaka, hata dawa sikuyawekea. Jumapili mtendaji wa kijiji alitutangazia kanisani kwamba serikali haitanunua tena, na ghala lake limefungwa moja kwa moja. Wadudu wa dumuzi wameshatoboa zaidi ya nusu ya mahindi.

Shemeji yako Enesi mguu unamsumbua, hakuwepo kanisani. Kila asubuhi anachekecha mahindi yetu kuondoa unga wa dumuzi, ili yasikataliwe kwenye kituo cha serikali. Nimeshindwa kumwambia. Leo nimemshikia chekeche.

Kaka yako,
Sadoki