Rangi ndani ya ufa

Furaha mujukuu wangu,

Huku Bagira tuko muzima, na maman yako amevuna maharagi. Unauliza namna wanajua bawa la ndege lilianza kupasuka kabla ya ajali.

Nikiwa mekanisie kijana, fundi wa kutengeneza ndege, ndege yetu ndogo ilivunjika bawa, ikaanguka. Pilote akafa, watu wakasema alikuwa amelewa. Maman mumoja aliokota kipande cha bawa, akakisugua kwanza na majivu mbele ya kumupa muchunguzi wa ajali, maana kwetu hatumupi mugeni kitu kichafu. Muchunguzi alisikitika, maana alama za juu zilikuwa zimefutika. Lakini ndani kabisa ya ufa rangi ilibaki. Basi ufa ulikuwepo siku ya kupaka.

“Nani alipaka?” muchunguzi akauliza.

Nikamujibu kwa heshima: “Ni mimi, papa. Ufa sikuuona.”

Tangu hapo hakuna aliyemuita tena marehemu mulevi. Mujane wake angali ananisalimia kanisani.

Babu yako