Magari ya Nyumbani Tu

Flint, Michigan
9 Septemba 1983

Mwanangu Rosalie,

Nakusalimu wewe, mumeo Gordon, na huyo mtoto wenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Je, mu wazima huko Columbus? Kifua cha Gordon kimetulia? Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kulia limevimba, na kosa ni langu mwenyewe kama utakavyosoma. Mama yako yu mzima. Ameshindilia nyanya kwenye chupa arobaini na jikoni hakuna pa kuweka kiwiko.

Najua barua yako ina wiki tatu bila jibu. Mama yako aliisimamisha juu ya redio, hivyo kila nikitaka kusikiliza mpira lazima niitazame. Umeuliza jambo moja tu, kwa adabu kuliko nilivyostahili: kwamba ungependa Adele abatizwe hapa, kwenye kanisa ulilobatizwa wewe, tarehe ishirini na tano, kisha mle mezani kwa mama yako, lakini hutaegesha tena gari lako mitaa miwili nyuma na kutembea na mtoto mkononi kama mwizi. Kama gari lako haliwezi kuingia uani kwangu, mtambatizia hukohuko. Nilikuwa nimeshaamua kukujibu hapana. Nilikuwa hata nimetafuta maneno. Kisha ikaja Jumatatu, sikukuu ya wafanyakazi.

Unaikumbuka pikiniki ya chama chetu cha wafanyakazi. Mwaka huu Delbert Pruitt ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa matayarisho, yuleyule Delbert niliyesimama naye miaka kumi na tisa kwenye mstari wa milango kiwandani mwa magari. Alikuwa amepata mahali fulani gari dogo la Kijapani, rangi ya haradali, akalivuta mpaka katikati ya uwanja na kuegemeza nyundo kubwa ubavuni mwake. Dola moja, mapigo matatu. Juu ya boneti walikuwa wameandika kwa rangi maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua ya binti yangu, na chini yake wakachora uso wenye macho ya mistari. Watoto walilizunguka wakivuta macho yao kwa vidole na kucheka, huku wazazi wao wanatafuna soseji na kuwatazama tu.

Mke wa Harlan Petrie alikuwepo. Unamjua, Soon-ja, Harlan alimleta kutoka Korea alipomaliza jeshi. Alikuwa ameleta bakuli kubwa la saladi ya viazi, amekaa nalo mapajani. Mtu mmoja akampigia kelele kutoka kule kwenye gari, akamwambia, "Usijali, shemeji, wewe ni wetu bwana, hatukusemi wewe." Akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyekula ile saladi yake. Niliona jambo hilo na nikaona kinyaa, kisha nikaenda kuchukua soseji yangu, na hiyo ndiyo tabia yangu unayoijua.

Sitaki uwadhanie kuwa wote ni washenzi. Nusu ya wale wanaume hawajaitwa kazini tangu mwaka juzi, na wameambiwa magari ya Kijapani ndiyo yaliyokula kazi zao. Kuna walioanza kuuza fanicha za ndani. Mtu aliyefika hapo atatafuta cha kupiga, na hiki walichopewa kilikuwa cha bei rahisi.

Delbert akaniita mbele, eti mstaafu mwenye heshima afungue kazi. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba Clem Hudak ndiye mtu pekee Flint aliyemfukuza binti yake mwenyewe uani kwa ajili ya chama. Watu wakanipigia makofi, Rosalie. Kwa hilo. Nami nilitabasamu, nikaichukua nyundo. Pigo la kwanza lilikwenda kwenye kioo cha mbele, la pili paa, na la tatu taa, na hapo ndipo goti lilipoteguka. Vijana nyuma yangu wakaanza kuimba jina langu. Mmoja akasema, "Mzee bado ana mkono huyu, angalia."

Sasa, miaka kumi na tisa kila mlango uliopita mbele yangu niliuvuta, nikaufunga, nikausikiliza. Mkono hausahau. Nilipoweka nyundo chini nikaushika mlango wa lile gari, nikaufungua na kuufunga. Ulifunga kwa mlio mmoja mdogo, mnene, kisha kimya. Paa limebonyea, vioo viko kwenye nyasi, na mlango unafunga vizuri kuliko wowote niliowahi kuuachia upite. Nikaufungua tena, nikaufunga. Watu wakadhani nawachekesha. Delbert akasema kwenye kipaza sauti, "Vipi, Clem, unataka kununua?" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nilikwenda nyuma ya vyoo nikatapika. Wakasema ni soseji.

Nyumbani sikulala vizuri. Jumanne mama yako alipokwenda kanisani nilichukua bisibisi, nikaenda kwenye gari letu. Unakumbuka jinsi mlango wake wa abiria ulivyokuwa ukigonga tangu siku tuliyolichukua jipya, ko ko ko, kila lami ikiwa mbovu. Nilikuambia gari la chuma cha kweli lazima liseme. Wewe ulisema humwamini mtu aliyelitengeneza, ukanunua lako la Kijapani kwa sababu unatoka hospitalini alfajiri na hutaki kukwama barabarani. Ndipo nilipokuambia umeitemea mate meza iliyokulisha, nikapigilia ubao pale langoni: magari ya nyumbani tu, yaani ya Marekani. Na mama yako aliacha kabisa kuendesha gari letu. Aliogopa ule mlio, alihisi gari litaachana vipande njiani. Tangu hapo hakwenda tena kwa dada yake Lansing mpaka mimi nimpeleke, na mimi simpeleki. Nilimwita mwoga mbele ya wageni.

Nilivua kava ya ndani ya mlango. Ndani, nyuma ya mtambo wa kioo, kulikuwa na nati kubwa imening'inizwa kwa waya.

Haikuanguka humo kwa bahati mbaya. Niliitundika mimi.

Nakueleza ilivyokuwa, nawe usiichukue kama kisingizio. Mwaka ule tulikuwa na msimamizi aliyekataza watu kwenda msalani mpaka mstari usimame. Siku moja nilimwomba mara tatu. Akaniambia, "Funga mlango kwanza, babu." Nikajikojolea nimesimama, nina miaka arobaini na saba, mbele ya Delbert na wenzangu wote, na mstari haukusimama. Tangu siku hiyo mimi na Delbert tulianza mchezo. Siku ya hasira, mlango mmoja unapata nati. Kuna siku ilipata mitatu. Tulikuwa tukicheka tukimfikiria mnunuzi anazungushwa gereji baada ya gereji na hakuna anayeuona ugonjwa. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili. Sijui ni milango mingapi. Sikuwahi hata kutaka kujua.

Nimejuaje kwamba ile ni yangu na si ya Delbert? Mimi natumia mkono wa kushoto. Waya ninaousokota unakwenda upande ambao pale hakuna mwingine aliyesokota. Hata Delbert alikuwa akinitania kwamba nasokota kama ninayefungua. Tulipoagiza gari letu kwa punguzo la wafanyakazi sikujua siku litakayopita kwenye mstari. Lilipita, nikalitia nati, nikalisukuma mbele.

Naitazama mikono hii na inanitia karaha. Sikumkomoa msimamizi, yeye alikuwa na gari la kampuni, la bure, linalokaguliwa kila mwezi. Nilimtia hofu mama yako miaka sita ndani ya gari lake mwenyewe, halafu nikakufukuza wewe kwa kusema kweli.

Nilimwambia mama yako jioni ileile. Alikuwa akipiga pasi. Aliuliza tu, "Miaka sita, Clement?" akaendelea na pasi mpaka shati likaisha. Jumatano asubuhi alichukua funguo bila kuniuliza, akaendesha peke yake mpaka Lansing kwa dada yake. Alirudi saa kumi na moja jioni. Aliichukua barua yako kutoka juu ya redio akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

Jana Delbert alipita kuniangalia goti, nikamwonyesha ile nati. Alicheka mpaka akashika mti. Akasema, "Ah, Clem, tulikuwa tunawakomesha wakubwa." Nikamuuliza ni mkubwa gani aliyekuwa akikaa kwenye mlango ule. Akanikumbusha kwamba haya si ya kusema kwenye ukumbi wa chama. Nikamwambia nitayasema mkutano wa Oktoba. Hakunywa kahawa yake, na sidhani kama atakuja tena.

Basi, mwanangu, jibu lako ni ndiyo. Ubao nimeung'oa, na matundu ya misumari nimeyaziba. Gari langu nimelitoa nje, liko barabarani, na jirani ameshauliza kama naliuza. Uani ni peupe. Ingieni nalo mpaka mlangoni, mtoto asipigwe na upepo. Kama hutaweza kunipa mkono siku hiyo, nitaelewa. Nitakaa upande wa pili wa kanisa, na chakula nitakula baada yenu.

Msalimie Gordon, mwambie apake mafuta ya kifua asiwe mbishi. Mbusu Adele kwa niaba ya bibi yake; mimi bado sijajua kama nina haki ya kutuma busu. Mama yako anakupenda na anauliza kama bado huli vitunguu.

Mkifika msipige honi. Nitakuwa nimesimama nje tangu asubuhi.

Ni mimi baba yako,
Clement Hudak