Kadi Thelathini za Monsieur Fintan

Mpendwa Maman Nday, nakusikiliza redioni kila wiki, leo ni mimi naomba msaada wako, tena kabla ya Jumamosi.

Mimi ni Sumaya, Mrundi wa Buyenzi, nakaa Saint-Josse hapa Bruxelles, kazi yangu ni kumhudumia mzee mmoja wa Irlande, yaani Ayalandi, Monsieur Fintan, mjane, nyumba yake iko nyuma ya Chaussée d'Ixelles, na huyu mzee tangu astaafu hana kazi nyingine ila kuchunguza jinsi watu wa kwao walivyogawana nchi miaka mia nane iliyopita, yaani ukoo ulikuwa na eneo lake, wanaliita baile, na baile thelathini zikikusanywa zinafanya wilaya moja, tricha cét, sasa kuna wilaya moja ambayo mipaka yake haijulikani tena, basi mzee akaandika kadi thelathini, kila kadi baile moja na ukoo wake, akazitandaza sakafuni sebuleni, na uzi wa buluu kuwa ndio mto, mwaka mzima anazisogezasogeza kutafuta ipi ilipakana na ipi, na mimi nimekatazwa hata kupitisha ufagio.

Mwezi uliopita akaanguka, nyonga ikavunjika, akalazwa wiki tatu. Maman, mimi uchafu siuwezi. Nikazikusanya kadi zote nipige deki, nikijiambia nitazirudisha zilivyokuwa, sakafu ikakauka, nikazitazama, kichwa kitupu! Nililia. Halafu nikasema, mashamba ni mashamba tu, nikazipanga kama kilima cha bibi yangu kule kwetu Rumonge kilivyo, kaka mkubwa juu, wadogo zake wanamfuata kushuka bondeni, wakwe ng'ambo ya mto, maana kwenye kila kadi mzee ameandika ukoo huu ni mdogo wa ule, na ule umeoa wapi.

Jumanne akarudi na magongo yake, akasimama mlangoni akitazama chini, mimi niko jikoni na birika mkononi. Mara akaniita kwa furaha, "Sumaya! Kumbe nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijaanguka, na nimesahau!" Alhamdulillah, roho yangu ikatua, wallahi nilicheka naye. Lakini Jumamosi atasimama mbele ya wataalamu wenzake, wengine wanashuka stesheni ya Gare du Midi kesho, awaambie wilaya iliyopotea ameipata, kumbe aliyoipata ni Rumonge. Tangu nianze kwake sijamwona na furaha hivi. Nikisema, naivunja, na labda kazi inakwisha. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya watu. Nifanyeje? Jina langu lisome hewani, mzee hajui Kiswahili.

Sumaya, Saint-Josse

Sumaya mutoto yangu, nimecheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Bon, tuanze na hasira. Muntu amekukataza kugusa, wewe unagusa. Usafi gani huo? Ungedeki jikoni na choo, sebule ingekungojea. Lakini hilo nakusamehe, maana wiki tatu peke yako na kadi za watu, mbele yako sakafu chafu, mimi pia ningeshikwa na mikono kuwasha.

Nisichokusamehe ni Jumanne. Mzee amekuambia "nimesahau", na wewe ukacheka naye! Umesikia vizuri alichosema? Ana miaka mingi, ametoka kuanguka, na wewe umemuacha aamini kwamba kazi kubwa namna ile imepita kichwani mwake na hakuna alama iliyobaki. Unasema unamuhurumia. Hapana, mama, ulikuwa unajihurumia wewe. Na Jumamosi muntu mmoja tu akimuuliza "hii umeitoa kwa hati gani?", mzee atatafuta ndani ya kichwa yake, akute giza. Aibu itapita. Ile giza haipiti.

Alors, fanya hivi. Kesho Ijumaa asubuhi, akishamaliza chai, vuta kiti ukae mbele yake. Usianze na hadithi ya deki. Sema, "Monsieur, kadi nilizipanga mimi," kisha mueleze kilima cha bibi yako chote, mkubwa na wadogo na wakwe. Halafu nyamaza. Akifurahi, akikasirika, ni haki yake. Akikufukuza, nipigie simu. Wazee wa kuhudumia hawakosekani Bruxelles. Lakini kesho usiku asilale tena na uongo huo.

(Wasikilizaji, wiki hii Sumaya ameandika tena. Nasoma.)

Maman Nday, nimefanya ulivyosema. Jumamosi imepita salama, mzee aliwaambia wenzake hana jibu bado, ana swali jipya, kama koo za kwao nazo zilikaa kama kilima cha bibi yangu, na hati atazitafuta. Kazi ninayo. Lakini silo ninalokuandikia. Ijumaa nilipomwambia, alisogeza kikombe pembeni, nikajua nimekwisha. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Kwa hiyo sikusahau?" Nikamjibu, "Monsieur, hukusahau chochote, kichwa chako ni kizima." Maman, alilia kama mtoto. Akaniambia toka Jumanne ile, kila asubuhi kabla sijafika, alikuwa anajitajia majina ya wajukuu wake mmoja mmoja, aone kama bado wapo wote.