Etiketi za Ndege Koko

Jumatatu, tarehe 3
Koko katua tukiwa bado kwenye mstari shuleni. Injini ya kushoto inakohoa. Mtaa mzima wa Majengo unaijua sauti hiyo. Ndege ya mizigo ya jeshi, mzee kuliko Papa, baba yangu. Akizima injini, kaleta mizigo. Asipozima, kaleta watu wa kushushwa haraka.
Leo hakuzima.

Jumanne, tarehe 4
Historia ya Koko, kama Papa anavyoisimulia. Papa ni mpakiaji wake tangu sijazaliwa. Koko alitoka nchi ya baridi. Ndani kuna maandishi ambayo hapa hakuna anayeyasoma. Chini ya bendera yetu kuna rangi za bendera nyingine, na chini yake nyingine tena. Alipigana vita vya watu kabla ya vita vyetu. Hapa kabeba bia, mbuzi, mabomu. Sasa anapeleka vijana Beni na kuwarudisha wamelala. Papa anaosha sakafu. Maji na sabuni. Harufu anarudi nayo nyumbani.

Jumatano, tarehe 5
Mama Kavira wa parokia kaleta koli, kifurushi cha kupelekewa mwanawe Josué, mwanajeshi huko Beni. Viatu na unga wa muhogo. Etiketi zote za Koko, vikaratasi vya majina vya kufunga kwenye mizigo, naandika mimi, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Nina mwandiko mzuri na mdomo usio na kazi.
Josué. Aliwahi kuniambia mbele ya kwaya yote: «Bubu, imba basi tukusikie!» Akatoka anacheka, kainama kwenye mlango wa kanisa, mrefu kama nguzo ya umeme. Namchukia.
Nimeandika: JOSUÉ, viatu namba 45. Vizuri kabisa.

Jumatatu, tarehe 10
Hakuzima injini.
Papa kaniletea etiketi. «Andika ingine, mwanangu. Damu imekula maandishi.»
Mwandiko wangu: JOSUÉ.
Ilikuwa kwenye mkono wa maiti. Wafu wanafika bila karatasi, na uso mara nyingi haupo. Basi wapakiaji wanafunga etiketi ya koli iliyokuwa karibu naye. Wakubwa wanataka jina, wanapewa jina.
Papa akanawa. «Mutu mufupi. Nilimubeba peke yangu, sawa na mutoto.»
Mfupi.
Papa hasali. Hajawahi kumuona Josué.

Jumanne, tarehe 11
Niliandika.
Ningesema tu: Papa, huyu siye. Yalifika kooni. Lakini alikuwa amechoka, na wakubwa walikuwa wanangoja. Hizo ni sababu za uongo. Ukweli: nilisikia utamu kidogo. Bubu kamzika Josué kwa kalamu.

Ijumaa, tarehe 14
Matanga. Sanduku limepigwa misumari. Mama Kavira kalipima kwa mikono, mara mbili.
«Mbona fupi hivi? Mwanangu wamemukunja?»
«Mama, mutu akikufa anapunguka,» katekista akamjibu. Watu wakaitikia.
Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alikuja akanishika mkono, akanishukuru kwa maandishi ya msalaba.
Msalaba pia niliandika mimi.
Kuna mama mwingine mahali fulani anayemngoja yule mfupi.

Jumapili, tarehe 23
Risasi tangu asubuhi. Tuko chini ya kitanda. Mama anasali, Papa anasikiliza uwanja wa ndege. Koko hajaruka.

Jumatatu, tarehe 24
Kimya. Mji umetekwa, una wenyewe wengine. Uwanja umefungwa.

Jumamosi, tarehe 13, mwezi uliofuata
Papa alipita karibu na uwanja. Koko yuko palepale. Tairi hazina upepo, kunguru wamekaa kwenye bawa. Hakuna tena kitu kinachotoka Beni kwa ndege.
Baadhi ya wanajeshi wa Beni wanarudi kwa miguu, mmoja mmoja, wamevaa nguo za raia. Simu zao walinyang'anywa huko.
Mama Kavira kagawa mashati ya Josué. Yanawafika watu magotini.
Nimejiunga na kwaya. Siimbi sana. Nimechagua kiti kinachotazama mlango. Ni ule mlango mfupi.
Mpaka leo hakuna aliyeinama.