Uji wa Wasiosema

Jumatano, 6 Agosti
Nimefika! Magoti hayana hamu, mlima si mchezo. Najitolea jikoni: uji asubuhi, vyombo kutwa. Wageni ishirini wamekuja kutafakari, siku saba bila kusema neno. Mwenye shida anabandika kikaratasi mlangoni kwetu. Sisi wapishi ruksa kunong'ona. Mlinzi anafukuza nyani kwa kupunga fimbo tu, kelele marufuku. Nyani wenyewe wanamwangalia hivi hivi.

Alhamisi, 7 Agosti
Dada yupo. Dada yangu wa tumbo moja! Nimemwona dirishani, amekaa kwenye nyasi, pongo anakula majani hatua tatu kutoka kwake. Kakonda. Miaka miwili hatusemezani, tangu nilipokosa kuhudhuria maziko ya mama. Nilisingizia kazi. Kumbe huku kununiana ni sheria! Nimecheka peke yangu, kisha nikalia juu ya beseni la vyombo. Asinione. Akiniona atafunga mizigo aondoke, na pumziko analihitaji.

Jumamosi, 9 Agosti
Kikaratasi. Mwandiko wake. "Uji una chumvi kidogo na ndimu, kama wa marehemu mama, nani anapika?" Mpishi mkuu kaninong'oneza, si ujibu? Sijajibu. Sikukusudia hata kuupika hivyo, mkono ulijiendea tu.

Jumatatu, 11 Agosti
Balaa! Nyani dume kaingia jikoni, kabeba mkate mzima. Nikamtimua kwa mwiko, mdomo nimeufumba — nakata kona, huyo hapo, Dada! Tukatazamana. Mwiko juu. Midomo yake ikatetemeka, sijui kicheko, sijui kilio. Akageuka, akaenda zake. Kwenye chakula cha jioni hakuja.

Jumanne, 12 Agosti
Hajaondoka. Asubuhi nimekuta kikaratasi: "Siku ya mwisho mama alikuulizia. Nikamwambia uko njiani."
Basi.
Nimekisoma mpaka kimelowa. Amebeba uongo huo peke yake miaka miwili, kwa ajili yangu! Nitamwambia ukweli. Hakukuwa na kazi yoyote. Niliogopa kumwona mama amelala kwenye sanda. Niliogopa, Dada, basi.
Saa sita kamili kimya kinaisha, na leo zamu ya kupiga kengele ni yangu. Kengele iko ng'ambo ya uwanja. Dada amekaa kwenye ngazi ya jikoni, bakuli tupu mapajani, mgongo kwangu. Hakuna mlango mwingine. Mpishi mkuu ananong'ona, nenda, muda umefika. Nimevua aproni. Nimeivaa tena. Dada anasogea pembeni kidogo, ananiachia nafasi — ya kupita, au ya kukaa?