Gari Linalopita Kati ya Mawe Mawili

Tochizawa ya Chini,
tarehe 20 Desemba

Mdogo wangu Tomie,

Kwanza nakuuliza magoti. Yanakuruhusu kufika sokoni, au bado unamtuma mjukuu naye anarudi na vitu asivyotumwa? Huko kwenu Brazili joto limeanza, sisi huku theluji imefika kwenye kizingiti. Mimi mzima, ukiacha meno. Yamebaki matatu na hayasemezani. Barua yako ya Septemba niliipata. Kuchelewa kujibu si uvivu wa mtu aliyeishia darasa la sita. Sababu utaiona mbele, ukiwa na subira na huu mwandiko ambao binti yangu Sanae anasema ni nyayo za kuku.

Habari kubwa hapa nyumbani ni ya Kozue, mtoto wa Sanae. Ametimiza miaka kumi na minane, amemaliza shule, na amepata leseni ya gari. Leseni yangu, unakumbuka, niliirudisha polisi mwenyewe miaka minane iliyopita, baada ya kukiegesha kigari changu cha mizigo katikati ya mpunga wa jirani. Wakanipa cheti cha shukrani. Miaka yote ya shule sikupata cheti, nimekuja kupewa kimoja kwa kuacha kitu.

Sasa Kozue anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule juu kwenye chemchemi ya maji moto, na akiba yake ya tangu shuleni alitaka kununulia gari la mtumba. Si gari lolote. Alitaka lile dogo la milimani, fupi kama sanduku, ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Sanae hakutaka kusikia. Alisema msichana anunue gari la chini, jeupe, lenye viti laini, akauliza hilo la matope ni la kuwindia dubu au nini. Wiki nzima tulikula supu yetu ya asubuhi kwa kununiana. Mimi nikashika upande wa mtoto. Sanae akashangaa, maana ugomvi ukizuka mimi huwa nashika upande wa chungu. Hakujua nina langu moyoni.

Tukaenda kwa muuza magari, mtu mmoja Kuroiwa, uwanja wake uko nyuma ya kituo cha treni. Nilibeba ule mwanzi wangu mrefu unaokaa juu ya mlango wa ghala. Kuroiwa akauliza kwa upole kama mzee amekuja kumpiga. Nikamwambia inategemea bei.

Alikuwa na magari mawili ya aina hiyo. Moja jekundu linalong'aa, vijana wameliongezea mabawa ya plastiki juu ya magurudumu na matairi mapana. La pili lilikuwa na rangi ya chai iliyolala, jembamba, mlango umebonyea, na ndani lilinuka mbwa. Kozue alilizunguka jekundu mara tatu, mkono hautoki kwenye bati. Tomie, nilimjua kwa macho yale. Ndivyo ulivyokuwa ukiitazama picha ya meli kwenye ukuta wa shule, mwaka ule kabla hujaondoka.

Wao walipokuwa wakizungumza bei, nikalipima jekundu kwa mwanzi. Likazidi kiganja kizima kila upande. Nikapima la rangi ya chai. Likaingia, ikabaki nafasi ya vidole.

Basi nikaanza kusema uongo. Nilimwambia Kozue askari wanayasimamisha magari ya mabawa kila kona. Nikamwambia matairi mapana huelea juu ya theluji kama bata, na rangi nzuri namna ile huwekwa kuficha maovu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Mtoto akaligeukia jekundu mara moja tu, kama mtu anayetazama treni iliyokwisha ondoka. Halafu akaazima bisibisi, akalala chali chini ya lile la chai, akaanza kuchoma-choma chuma kutafuta kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Alitoka na pua nyeusi.

"Dada, gari hili mchumba wako ataliogopa," Kuroiwa akamtania.

"Abiria wangu ni babu," Kozue akamjibu. "Huyu haogopi kitu, labda kuoga. Matairi ya theluji utatupatia bure, maana huko nyuma kutu imeanza."

Akatupatia.

Dereva mpya, huku kwetu, lazima mwaka mzima abandike kwenye gari lake jani la plastiki la kijani na manjano, watu wamwonee huruma. Wazee nao wana jani lao. Mimi langu lilibaki tangu enzi za kigari changu, basi nikalibandika kwenye kofia yangu. Sanae aliona aibu hadi akaingia ndani.

Jumapili ya kwanza ya Novemba nikamwomba Kozue anipeleke kutazama majani mekundu. Kila njia panda nikisema panda, anapanda, akitumia ile gia ndogo ya kutambaa, mawe yanalia chini. Mpaka tukafika kwenye Mume na Mke, mawe yetu mawili, pale baba alipokuwa anatuvusha mgongoni. Kozue akasimama. Akashuka, akakunja vioo vya pembeni, akatazama nafasi ile. Kisha akautazama mwanzi wangu, nilioukata zamani kwa upana wa nafasi hiyo, nilikuwa nimekuja nao, umetokea dirishani. Mimi nikaanza kuhesabu majani.

"Babu," akasema, "ungeniambia tu. Ningelinunua hili hili."

Akaingia, akatupitisha, vidole kila upande. Mimi nilijifanya nina vumbi jichoni.

Sasa mdogo wangu, kama umekaa, endelea kukaa. Neno lile la mtoto limenifuata mwezi na nusu, na ndilo linaloandika barua hii. Miaka minane sikufika kwetu Tochizawa ya Juu. Tangu leseni itoke mkononi na maporomoko yale ya udongo yaile barabara, Sanae alikataa kupajaribu, na miguu yangu haipandi. Kila Agosti nilipokuandikia kwamba nimeosha kaburi la baba na mama na kuwasha moto wa kuzipokea roho zao, nilikuwa nimekaa hapa nakula tikiti maji. Ulipouliza nini kinaonekana kutoka mlangoni, nilikuandikia vya kukumbuka. Mlango wenyewe hakuna. Paa limelala chini, mwanzi umeota jikoni kwa mama. Kaburi lilikuwa limezibwa na majani hadi kifuani, Kozue ndiye aliyeyafyeka.

Na zile kaki kavu, matunda yetu ya vuli, nilizokutumia kila mwaka, nikisema zimetoka kwenye mti wa mama, nilizinunua dukani kwa ushirika. Mwaka ule ulipoandika kwamba hizi hazina mbegu, na za mama zilikuwa zimejaa mbegu, nikakujibu kuwa mti umezeeka, umekoma kuzaa kama bibi mwingine yeyote. Nilicheka peke yangu nikiandika. Nisamehe. Niliona wewe umeondoka na kila kitu kikabaki kwangu nikutunzie, na mimi sikukitunza.

Lakini mti upo. Dubu wamevunja matawi ya chini, ya juu yalikuwa yamebeba. Kozue akapanda juu ya paa la gari, akaingia mtini kama wewe ulivyokuwa, viatu chini. Nikamkumbusha kubakiza moja kileleni, kwa ajili ya mti wenyewe. Zilizobaki nikazimenya mwenyewe na kuzianika barazani. Leo zimekauka, zimo ndani ya kifurushi hiki, ishirini na mbili. Ni ndogo, nyeusi, mbaya za sura kama mimi.

Sanae anakusalimu. Kozue anamsalimu bibi asiyemjua, na anasema kiti cha nyuma kimeshaacha kunuka mbwa. Wasalimu wanao na wajukuu wote, na usitembee bila fimbo.

Kula polepole, Tomie, usije ukavunja jino. Hesabu mbegu, kisha uniandikie ni ngapi. Safari hii sitabisha.

Ni mimi kaka yako,
Yonekichi